Mtoto Aliyepitwa na Surua

Nilipopangiwa kazi Newala, mama yangu kule Upareni alilia kana kwamba nimepelekwa vitani. Hakukosea sana. Ng'ambo ya Ruvuma Mreno alikuwa bado anapigana na wenye nchi yao, na siku nyingine upepo ukivuma kutoka kusini tulisikia mabomu, kama mtu anayetwanga kinu kikubwa mbali sana. Wenyeji walikuwa wameshazoea. Mimi ilinichukua muda kuacha kushtuka na kumwaga dawa.

Zahanati yangu ilikuwa katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mkunya. Naiita yangu kwa sababu mganga niliyemkuta alihamishwa muda mfupi baada ya mimi kufika, na mwingine hakuletwa. Nikabaki nesi peke yangu, msichana wa Kipare asiyejua neno la Kimakonde, na sufuria la kuchemshia sindano, na watu waliokuwa wakiniamkia kwa heshima hata wale wenye umri wa baba yangu, mpaka nikawa naona haya.

Kijiji chenyewe kilikuwa na umri mdogo kuliko baadhi ya watoto niliowapima uzito. Zamani watu walikaa mbalimbali, kila ukoo kwenye mikorosho yake. Kisha serikali ikasema watu wakae pamoja wapate shule, bomba na zahanati, na kweli vikaja. Nyumba zikajengwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Mimi nilifurahi, maana niliweza kuwazungukia wajawazito wote asubuhi moja bila kuchoka. Sikuwaza kwamba mpangilio ule ungeifurahisha surua pia.

Mmoja wa wajawazito hao alikuwa mkimbizi. Alivuka mto akiwa na mimba kubwa, mumewe amebaki huko huko vitani, na akapokelewa na ndugu yake wa ukoo, mwanamke mwenye watoto watatu. Wenyeji walisema Kimakonde chake kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo, na chale za usoni mwake zilikuwa nyingi kuliko za wanawake wa rika lake upande wetu. Alikuwa mkimya, mwenye macho yanayokutazama mpaka umalize kusema. Nilimzalisha mimi mwenyewe. Alipata mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa ajabu. Mama alipoisikia sauti ile alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Surua iliingia wakati wa kuokota korosho. Ilianzia mwanzo wa kijiji, ikafuata mistari ya nyumba kama mtu anayegawa mwaliko. Kila asubuhi kibaraza changu kilijaa watoto wenye macho mekundu, mafua na vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio. Dawa ya kuiua surua yenyewe sikuwa nayo, wala leo haipo. Nilichofanya ni kusafisha macho, kuwachoma penisilini wale waliokuwa wakihema kwa shida, na kugombana na wazazi. Wengi waliamini mtoto wa surua hapaswi kuoga wala kunywa maji mengi. Nilisema mpaka sauti ikakauka: mpe maji, mpe uji mwepesi, mwoshe, fungua dirisha.

Wengi walipona. Wachache hatukuwawahi. Mmoja alikuwa binti aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, mjukuu wa mama mmoja mtu mzima aliyeuza vitumbua karibu na bomba. Huyu mama kila mtu alimwita Bibi wa Bombani. Alikuwa Mwislamu mcha Mungu, mwenye sauti ya kusikika kijiji kizima, na alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alimleta kwangu amechelewa. Nilimshika mtoto mikononi nikijua hataishi, na bibi akanitazama akijua kwamba najua. Baada ya maziko hakuuza vitumbua kwa muda. Aliporudi bombani, alirudi na swali.

Swali lake lilikuwa hili. Katika nyumba ya yule mkimbizi, watoto watatu wa mwenyeji wake waliugua wote kwa pamoja, wamelala mkeka mmoja. Mtoto wa mkimbizi alikuwa amelala chumba hicho hicho, anashikwashikwa na wagonjwa, anapumuliwa usoni. Hakupata hata chafya. Kwa nini?

Foleni ya bomba ilikuwa ndefu kiangazi kile, na swali kama hilo halikosi mtu wa kulijibu. Jibu lilipatikana kabla ndoo hazijajaa: mwanamke yule amekuja na dawa kutoka ng'ambo. Amemkinga wa kwake kwa kuwatoa kafara wa wenzake.

Balozi wa nyumba kumi alinifuata zahanati. Alikuwa mzee mwembamba, mtaratibu, anayevua kofia kila anapoingia.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Nesi, jambo si zuri. Watu wanataka yule mama wa ng'ambo aondoke. Wanasema arudi kwao."

"Kwao ambako mabomu yanalia?"

Akatazama sakafu. "Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Wewe umesoma. Niambie, mtoto yule kwa nini haumwi?"

Nikamweleza kadiri nilivyofundishwa. Mtu akiugua surua akapona, haimrudii tena. Mwili wake unakuwa umetengeneza kitu kwenye damu, tunakiita kingamwili, kinachokijua kijidudu cha surua na kukikamata kikiingia tena. Mama aliyewahi kuugua anakuwa nacho. Akibeba mimba, kitu hicho kinapita kwenye kondo la nyuma kikaingia kwenye damu ya mtoto. Mtoto anazaliwa amekibeba, na kinamlinda kwa miezi kadhaa. Yule mama nilishamwuliza kupitia ndugu yake: aliugua surua utotoni, pamoja na kaka yake. Kaka alikufa, yeye akapona.

Mzee alisikiliza vizuri. "Basi ni kawaida?"

"Ni kawaida kabisa."

"Hayo uyaseme mkutanoni," akasema. "Mimi nitatafsiri."

Tukakutana jioni, jua bado lipo, mbele ya ofisi ya kijiji. Mkimbizi aliketi upande mmoja na ndugu yake, mtoto mgongoni. Bibi wa Bombani aliketi mbele kabisa. Nikasimama, nikaeleza kama nilivyomweleza balozi, naye akawa anatafsiri kipande kwa kipande. Nilipofika kwenye neno kingamwili alisita. Akakuna kichwa. Halafu akasema jambo kwa Kimakonde, na mkutano mzima ukalipuka. Watu walisimama. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele cha hasira, sijakisikia tena maishani. Nikamvuta balozi shati.

"Umewaambia nini?"

"Nimesema mama huyu ana dawa ndani ya mwili wake, na amempa mtoto."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa nia njema kabisa, tulikuwa tumethibitisha shtaka.

Sikujua neno zuri zaidi, kwa hiyo nikaacha maneno. Nikamwomba balozi awatulize, kisha aombe kila mama mwenye mtoto mchanga, asiyeweza bado kukaa peke yake, aje mbele. Walikuja kwa kujivuta. Nikapita mmoja mmoja nikifungua kanga, nikitazama nyuma ya masikio, kifuani, machoni. Watoto walilia, mama zao wakaanza kutazamana. Hakuna aliyekuwa na kipele. Wengi walitoka kwenye nyumba zenye wagonjwa, na mmoja alikuwa amefiwa na kaka yake mkubwa siku zile zile.

"Mnaona?" nikasema. "Hawa wote surua imewapita. Mama zao wote wametumia dawa ya ng'ambo?"

 Mzee mmoja akacheka kidogo, kisha akajizuia. Nikadhani nimeshinda.

"Na huyu wetu je?" Ilikuwa sauti ya Bibi wa Bombani. Alinyoosha mkono kuelekea ukutani, kwenye kivuli, alikoketi mkwe wake, mama wa yule binti aliyefariki. Sikuwa nimemwona. Alikuwa na mtoto wa kiume mapajani, mkubwa kidogo tu kuliko wa mkimbizi, amefunikwa gubigubi. Nikafunua. Uso wa mtoto ulikuwa umejaa vipele.

 Kila kitu nilichosema kilikuwa kimevunjika hapo mapajani. Nikachuchumaa nimpime mtoto joto ili nipate muda wa kufikiri, na mkono wangu ukagusa mkono wa mama yake. Ulikuwa unaungua. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa akiyakinga na mwanga kwa upande wa kanga. Nikamwambia afungue kinywa. Ndani ya mashavu kulikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi.

"Wewe mwenyewe unaumwa surua," nikamwambia. "Ulishawahi kuugua ulipokuwa mdogo?"

Hakuwa na nguvu ya kujibu. Akajibu mama mkwe wake, safari hii kwa sauti ya chini. "Huyu atauguaje? Kalelewa na bibi yake huko chini karibu na mto, nyumba yao peke yake porini. Alipoolewa huku, hata foleni ya bomba alikuwa anaiogopa. Hajawahi kuona watu wengi."

Balozi alikuwa ameinama karibu yetu. Nilimwona usoni akielewa kabla sijasema neno. Akanyooka, akawageukia watu, akaongea kwa Kimakonde kwa muda mrefu, bila kuniuliza chochote. Baadaye nilimwomba anirudishie aliyoyasema. Alikuwa amewaambia: mama zetu waliugua, na sisi tukaugua, na wake zetu wakaugua, na kila aliyepona alibaki na kitu ambacho humpa mtoto tumboni. Huyu binti wa porini hakukipata, kwa hiyo hakuwa na cha kumpa. Si kosa lake. Na yule wa ng'ambo alikuwa nacho, akampa. Si kosa lake pia.

Watu walitawanyika polepole. Hakuna aliyeomba radhi siku ile.

Surua ya mtu mzima ni mbaya. Mkwe wa Bibi wa Bombani aliangukia homa ya mapafu. Nilimchoma sindano asubuhi na jioni, nikamkalisha kwa mito ili apumue. Maziwa yake yakakauka. Mtoto, ambaye vipele vilikuwa vinafifia, akaanza kuhara. Hicho ndicho nilichokiogopa zaidi kuliko vipele, maana watoto wengi wa surua nimewaona wakiponea kwenye vipele na kufia kwenye kuhara. Maziwa ya kopo hayakuwepo, na hata yangekuwepo, maji ya kuyachanganyia yalikuwa ya ndoo. Nilimlisha uji mwembamba kwa kijiko, anautema.

Nilikuwa nikihangaika naye hivyo, bibi yake amesimama mlangoni, wakati mkimbizi alipofika zahanati akiwa na binti yake mgongoni. Hakuwa ameitwa. Alimwamkia bibi, bibi akaitikia kwa shida. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mimi maziwa ipo. Nyingi. Surua mimi haiwezi."

Nilielewa anamaanisha nini. Hakuwa na hofu ya kuambukizwa, na mtoto wake naye alikuwa amekingwa. Angeweza kuingia nyumba ya bibi na kunyonyesha bila mimi kuogopa, na hakuna mwingine aliyejitolea. Lakini si mimi wa kukubali. Nikamgeukia bibi.

Alimtazama mkimbizi, kisha mjukuu wake. Nilijua anachokipima. Swali lake ndilo lililomfanya mwanamke huyu atuhumiwe mbele ya kijiji kizima, na sasa anatakiwa amkabidhi mtoto aliyebaki. Mjukuu akalia, kilio chembamba, kilichokwisha nguvu.

"Kaa," akamwambia mkimbizi hatimaye, akisukuma kigoda kwa mguu. "Kaa, mwanangu, umnyonyeshe."

Mtoto alishika ziwa kama aliyekuwa akilitafuta dunia nzima. Bibi akageuka akatazama nje. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikajifanya nahesabu vidonge.

Mkimbizi alihamia nyumba ile mpaka mwenye mtoto alipopata nafuu. Alinyonyesha wawili, akachota maji, akamwosha mgonjwa ambaye majirani walikuwa bado wanamkwepa. Kuhara kukapungua, kisha kukakoma. Siku mkwe alipoweza kutoka nje na kukaa juani, amekonda, amebaki macho, walimwekea mwanawe mapajani na mtoto akamshika pua. Bibi wa Bombani akarudia sauti yake ya zamani. Alitangaza kwenye foleni ya maji, bila kuulizwa, kwamba watoto wale sasa ni ndugu wa kunyonya, ziwa moja, na dini hairuhusu waoane, kwa hiyo kila mtu alijue tangu leo lisije likaleta matatizo baadaye. Watoto wenyewe walikuwa hawajaota jino. Watu walicheka, na katika kicheko hicho jambo lile likaisha.

Niliyowaambia mkutanoni yalikuwa sahihi, lakini yalikuwa machache kuliko ukweli. Miaka iliyofuata nilipelekwa kozi Masasi, na huko ndiko mwalimu mmoja, mtu wa Tabora, alituchorea ubaoni vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia. Alisema ndani ya uboho wa mifupa yetu zinazaliwa chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli B, na kila moja inazaliwa na umbo lake la kushikia, tofauti na la mwenzake. Nyingi zinaishi na kufa bila kukutana na kitu zinachokifaa. Lakini kijidudu kikiingia, akasema, iko mahali fulani mwilini seli ambayo umbo lake linakubaliana nacho. Hiyo inaamka. Inajigawa, zinakuwa nyingi, na kazi yao inakuwa kumwaga kingamwili kwenye damu. Kingamwili zinakishika kijidudu pande zote kisiweze kuingia kwenye chembe za mwili, na zinakitia alama ili walaji wa vijidudu wakimeze. Kazi hiyo inahitaji siku kadhaa, na ni katika siku hizo mtu anaumwa. Akipona, baadhi ya zile seli hazifi. Zinabaki kimya kwa miaka mingi, pengine maisha yote, na kijidudu kikirudi hazihitaji tena siku za kujifunza.

Akasema pia kwamba maziwa ya mama yana kingamwili za aina yake, ambazo hazipiti kwenye damu ya mtoto bali zinatanda tumboni na kumkinga na vijidudu vya kuharisha. Niliacha kuandika. Nilimkumbuka yule mama kwenye kigoda, nikatamani awe darasani pale asikie alichokuwa amekifanya.

Lakini narudi Mkunya, maana kabla ya kozi hiyo kulikuja chanjo. Gari la wilaya lilitufikia asubuhi na kisanduku cha barafu, na barafu yenyewe imeshaanza kuwa maji, kwa hiyo tulifanya kazi mbio mbio. Walioambiwa walete watoto ni wenye miezi tisa na kuendelea. Mkimbizi alikuwa wa kwanza kwenye mstari, binti yake sasa anatambaa na kula mchanga. Kiswahili chake nacho kilikuwa kimekua.

"Nesi, huyu nilimpa mimi tumboni. Kwa nini achomwe?"

"Ulichompa kinakwisha, mama. Kilikuwa chako. Mwili wake haukukitengeneza, ulikipokea tu."

"Kimekwisha kabisa?"

"Kwa sasa kimekwisha, au kimebaki kidogo sana. Tungemchoma mapema, kinga yako ingeikamata chanjo kabla mwili wake haujaiona, asingejifunza kitu. Ndiyo maana tumesubiri. Sasa atatengeneza ya kwake."

Alifikiri, akinitazama kwa macho yale yale ya kusubiri umalize. "Na ya kwake haitakwisha?"

"Tunategemea haitakwisha."

Akamshika binti yake mkono, akaunyoosha kwangu. Mtoto alipiga ukelele uliosikika mpaka bombani. Nyuma yake alikuwa mkwe wa Bibi na mwanawe. Huyu alikuwa ameshaugua, hakuhitaji sindano ile, lakini mama yake alisisitiza wasimame mstari pamoja na wenzao, nikampima uzito tu na kumsifu.

Kiangazi kilichofuata surua ilikuja tena. Niliipata kwa watoto wachache waliokosa siku ya chanjo, ikazunguka nyumba zao kidogo, ikakosa pa kwenda. Mwaka ule kibaraza changu hakikujaa, na sikuzika mtoto wa surua. Niliandika taarifa ya wilaya nikiwa nimekaa nje, na ilikuwa fupi hata nikaona aibu kuituma.

Msumbiji ilikuwa imeshapata uhuru, na wakimbizi walikuwa wakirejea makundi kwa makundi. Habari za mumewe zilikuwa zimemfikia: yu hai, anamsubiri. Siku ya kuondoka lori lilisimama karibu na ofisi ya kijiji, na Bibi wa Bombani akamletea kapu la korosho zilizobanguliwa na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, akimfokea dereva asiliweke chini ya magunia. Mkwe wake alimbeba mwanawe, wakasimama karibu na gurudumu. Mkimbizi alishuka tena kutoka kwenye lori, alikokuwa ameshapanda, akamchukua yule mtoto wa kiume, akamnyonyesha pale pale, amesimama, huku watu wakimngoja. Dereva alizima injini.

Alipomaliza alimrudishia mama yake, akanishika mkono.

"Huko kwetu hakuna nesi," akasema.

"Atakuja," nikamwambia. "Na chanjo itakuja."

"Mpaka ije, mimi nitawaambia uliyotufundisha."

Lori likaondoka kuelekea mtoni. Siku ile upepo ulikuwa unatoka kusini, na hatukusikia chochote ila injini yake ikipungua sauti. Bibi wa Bombani alifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanichukua nyumbani kwake.